Mama Vitone na Wifi Yake

Ofisini walimwita Mama Vitone. Ungemsikia mtu akiliita jina hilo kutoka mlangoni ungedhani ana mtoto anayeitwa Vitone. Wapi! Mtoto wake mmoja, binti wa miaka kumi, alikuwa na jina lake zuri tu. Vitone ni vile vialama vidogo vinavyokaa mwanzoni mwa kila kipengele cha orodha kwenye ukurasa wa wavuti: kitone cheusi, namba, kimshale, kinyota. Wengine huvipita kama hawavioni. Yeye alikuwa amekula kwa vitone hivyo miaka kumi na mmoja.

Zamani alikuwa kwenye kiwanda cha kuchapa, akipanga kurasa za vitabu vya shule. Huko alijifunza kwamba namba ikisogea unywele mmoja kutoka mahali pake, jicho la msomaji linajikwaa hata kama mwenyewe hajui kajikwaa na nini. Alipohamia kwenye ofisi ya kutengeneza tovuti, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, alikuta balaa. Vivinjari, yaani zile programu ambazo mtu hufungulia kurasa kwenye simu au kompyuta, havikuwa vinaelewana. Kimoja kikisema ndiyo, cha pili kinasema ng'o. Na vyote kwa pamoja vilikataa jambo moja: kitone hakiguswi. Ukitaka namba iwe nyekundu na maandishi yabaki meusi, huwezi. Namba ilifuata rangi ya maandishi yake kama mtoto anayeng'ang'ania sketi ya mama.

Dawa yake ilikuwa ya mzunguko. Unafuta kitone cha kivinjari, unachora cha kwako mbele ya kila kipengele, unakifundisha kuhesabu, kisha unakisukuma kushoto kidogo kidogo mpaka kikae. Halafu unafungua ukurasa huo kwenye simu na kompyuta za kila namna uone nani kakataa. Wengi kazi hiyo iliwachosha. Mama Vitone aliipenda kama mwingine anavyopenda kusuka. Mkuu wa ofisi, mwanamume mfupi mwenye sauti nene kuliko mwili wake, alikuwa akiwaambia wateja, "Mkitaka orodha, hapa kuna mama. Orodha zake mtazipenda mpaka mzioe."

Na wateja walicheka, na Mama Vitone alijifanya anatafuta kitu kwenye droo ili wasione alivyofurahi.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka wifi yake alipokuja.

Wifi huyu alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba wao. Alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta mji mwingine, akaja kukaa kwa kaka yake, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa kimejaa majokofu mabovu. Mume wa Mama Vitone alikuwa fundi wa majokofu. Alihamishia mashine zake uani siku moja tu, kazi ambayo mkewe alikuwa ameiomba ifanyike kwa miaka minne. Mama Vitone aliliona hilo, akalimeza. Mgeni ni mgeni.

Tena usije ukadhani alimchukia tangu mwanzo. La. Ni yeye mwenyewe aliyekwenda kwa Mkuu, akamwombea nafasi. "Ni mtoto wa nyumbani," alisema. "Mpeni kazi ndogo ndogo, nitamwangalia mimi." Akamwekea kiti karibu na chake, akamwonyesha birika liko wapi, choo kipi hakifungi vizuri, na mteja yupi usimwambie "kesho" kwa sababu atakuja kweli kesho.

Wiki ya tatu Mama Vitone alikuwa na kazi ya kiwanda cha rangi: hatua kumi na nne za kupaka ukuta, namba nyekundu, maandishi meusi. Alikuwa siku ya tatu kwenye kazi hiyo. Namba zenye tarakimu mbili zilikuwa zinakataa kujipanga na zile za tarakimu moja. Wifi akapita nyuma yake na kikombe cha chai, akasimama.

"Wifi, mbona unajitesa?"

"Najitesa nini?"

"Hizo namba. Siku hizi kitone chenyewe kinashikika. Kina jina lake. Unakiita, unakiambia kiwe chekundu, basi."

"Vivinjari vinakataa," Mama Vitone akasema bila kugeuka.

"Vilikuwa vinakataa. Sasa vinakubali. Si kila kitu, hapana, duara nyuma ya namba bado huwezi. Lakini rangi, aina ya herufi, hata kubadilisha alama yenyewe, unaweza. Ngoja nikuonyeshe."

Akainama. Akaandika mistari miwili kwenye faili jipya, akaufungua ukurasa. Namba kumi na nne zote zikawa nyekundu papo hapo, zimekaa sawasawa, za tarakimu mbili na za tarakimu moja, kama askari kwenye gwaride.

Watu wakasogea. Kijana wa michoro akapiga mluzi. Mkuu naye akatoka ofisini kwake, mikono mfukoni, akatazama kioo, akamtazama wifi, akamtazama Mama Vitone.

"Siku tatu," akasema kwa ile sauti nene, "na kumbe ni mistari miwili?"

Alisema kwa utani. Wote wakacheka, na Mama Vitone naye akacheka, tena akacheka zaidi yao. Lakini kitu kilimchoma chini ya mbavu, na toka siku ile hakikumtoka.

Ukishaonja kijicho, kila kitu kinakuwa na ladha hiyo. Alianza kuona mambo ambayo jana hayakuwa mambo. Alimwona Mkuu akimwita wifi kwenye vikao ambavyo zamani aliitwa yeye. Alisikia kijana wa michoro akisema "muulize dada," na dada mwenyewe hakuwa tena Mama Vitone. Nyumbani ndiyo usiseme. Binti yake alikuwa hasogei mezani bila shangazi. Nywele zisukwe na shangazi, hesabu zisahihishwe na shangazi, hata uji akipika shangazi unakuwa mtamu. Mume, mtu wa maneno machache ambaye kumtoa tabasamu ilikuwa kazi ya nguvu, alikuwa anacheka mpaka anashika kiti.

"Huyu mdogo wangu ana kichwa," alisema siku moja wakati wa chakula cha mchana, Jumapili. "Ameniambia habari za ofisini kwenu. Eti namba zile ulizokuwa unahangaika nazo alizimaliza akiwa amesimama, chai mkononi?"

"Alikuambia hivyo?"

"Nilimwuliza mimi. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha kila kitu."

Angekuwa amejisifu ingekuwa nafuu. Mtu anayejisifu unamchukia kwa raha zako. Lakini huyu alimwaga sifa kwa watu kama anayemwagilia maua, akabaki mnyenyekevu, meno meupe, kwapa hazitoki jasho. Mama Vitone aliosha vyombo siku ile kwa kelele.

Akawa na vituko vidogo vya aibu. Alihamisha sukari kutoka kabati la chini kwenda la juu, ambako wifi hakufika bila kupanda kigoda. Ofisini aliulizwa faili fulani liko wapi, akasema hajui, na lilikuwa mbele yake. Mkutano ulipobadilishwa saa, alimwambia kila mtu isipokuwa mmoja. Kila mara alipofanya hivyo alijisikia vizuri kwa muda wa kunywa glasi ya maji, kisha akajisikia vibaya siku nzima. Na bado kesho yake alifanya tena.

Ndipo kazi ya chuo cha wauguzi ilipofika.

Chuo kilitaka kurasa za mafunzo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: jinsi ya kunawa, jinsi ya kupima joto, jinsi ya kubadilisha bandeji. Msimamizi wa kazi upande wa chuo alikuwa Matroni, mama mrefu aliyevaa saa yake kifuani na kuitazama kila mtu aliporefusha maneno. Yeye alikuwa na sharti moja. Hakutaka orodha mbili, moja ya mambo ya kufanya na nyingine ya mambo ya kuepuka.

"Kitandani kwa mgonjwa mambo hayaji kwa makundi," alisema. "Yanakuja yamechanganyika. Nataka yafuatane vilevile. Penye jambo la kufanya, alama ya vema ya kijani. Penye jambo la kuepuka, alama ya kosa nyekundu. Mwanafunzi akitupa jicho anajua."

Alama mwanzoni mwa kila kipengele! Ilikuwa kazi ya Mama Vitone kama vile aliagizwa kwa jina. Tayari alikuwa amevuta kalamu.

"Nampa wifi yako," Mkuu akasema. "Hii njia yake mpya itatumaliza mapema. Wewe utaipitia tu mwishoni, uangalie angalie."

Uangalie angalie. Maneno hayo mawili aliyabeba mpaka nyumbani kama kokoto kwenye kiatu.

Wifi alifanya kazi nzuri, hilo hakuna wa kulikataa. Alikishika kitone chenyewe, akakigeuza kuwa vema hapa na kosa pale. Kwenye kompyuta za ofisini kurasa zilikuwa safi kama shuka jipya. Alizijaribu kwenye vivinjari vitatu, vyote vya kisasa, vyote vikakubali. Akampelekea Mama Vitone anwani ya kurasa, na chini akaandika: "Wifi, zipitie kwa jicho lako. Mimi jicho langu limeshazizoea."

Jumamosi asubuhi Mama Vitone alikuwa nyumbani. Wifi na binti walikuwa wamekwenda sokoni, mume yuko uani amelala chali chini ya jokofu la hoteli. Mezani palikuwa na tableti ya mume, ya zamani, kioo kimepasuka kona moja, ambayo yeye aliitumia kutazama michoro ya nyaya tu. Mama Vitone hakuwa na mpango wowote. Aliichukua, akafungua ukurasa wa bandeji.

Alama hazikuwapo.

Hapakuwa na kijani, hapakuwa na nyekundu. Kivinjari cha tableti ile kilikuwa cha miaka ya nyuma, hakikujua kabisa kwamba kitone kinaweza kuitwa kwa jina na kuamrishwa. Kilifanya kama kilivyozoea. Kiliweka kitone cheusi mwanzoni mwa kila kipengele, vyote sawa. *Nawa mikono kwa sabuni*, kitone cheusi. *Lowesha bandeji iliyoganda kwa maji ya chumvi*, kitone cheusi. *Vuta bandeji iliyoganda ikiwa kavu*, kitone cheusi.

Aliukuza ukurasa kwa vidole viwili mpaka vitone vile vikawa vikubwa kama punje za pilipili manga. Moyo ulimruka. Nitakuambia ukweli wake: ulimruka kwa furaha. Ile njia yake ya zamani, ya kuchora alama ya kwako mbele ya kipengele, ingefanya kazi kwenye tableti hii bila wasiwasi. Mistari miwili, eh? Mistari miwili!

Uwasilishaji kwa Matroni ulikuwa Alhamisi. Pale pale mezani akajiona Alhamisi. Atangoja wifi amalize kueleza, watu wapige makofi. Kisha atatoa tableti kwenye mkoba taratibu, aulize kwa sauti ya upole kabisa, "Samahani, na hii je?" Alilirudia swali hilo kwa mnong'ono mara tatu, akichagua mahali pa kuweka mkazo. Kisha akaiacha tableti mezani, akaenda kuanika nguo huku akiimba.

Jumatatu wifi alimfuata kwenye kiti chake.

"Umezipitia?"

"Nimezipitia."

"Umeona tatizo lolote? Usinionee haya, wifi. Nijue sasa."

Mlango ulikuwa wazi wa kuingia, na Mama Vitone aliuona. Alimtazama wifi usoni, akaona meno yale meupe, akasikia sauti ya Mkuu ikisema uangalie angalie.

"Ziko sawa," akasema.

Alichokuwa hajui ni kwamba Mkuu, kwa pupa ya kumfurahisha Matroni, alikuwa ameshampelekea anwani ya kurasa tangu Ijumaa. Na Matroni, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanaanza mazoezi wodini wiki ile, aliwagawia waanze kusoma. Wanafunzi wale walisomea kwenye tableti za msaada ambazo chuo kilipewa miaka saba nyuma.

Matroni alikuja Jumatano, siku moja kabla, saa nne asubuhi. Hakubisha hodi. Alipita katikati ya meza na tableti kifuani, akaiweka mbele ya Mkuu, akasema, "Nionyeshe alama ya kosa."

Mkuu akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Nakuuliza. Iko wapi? Mwanafunzi wangu amekwenda wodini jana. Kuna mzee wa watu pale ana kidonda cha mguuni, bandeji imegandana na nyama. Msichana akasoma hapa, akafanya alichosoma. Kipengele cha sita: vuta ikiwa kavu. Akavuta."

Mkuu akavua miwani, akaiweka mezani.

"Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga," Matroni akaendelea. "Kimefunguka chote. Mzee alipiga kelele mpaka wodi ya pili wakaja. Damu imezuiwa, ameshonwa upya, atapona, lakini wiki tatu za kupona zimerudi mwanzo. Msichana analia tangu jana, anasema anaacha uuguzi. Msimamizi wake naye ana lake la kujibu, hakupaswa kumwacha peke yake, hilo nitamaliza mimi kwangu. Lakini hili la kwenu nataka kulisikia kwenu."

Mama Vitone alikuwa amekaa, mikono mapajani. Ile kauli yake aliyoifanyia mazoezi, *na hii je*, ilimrudia kichwani.

Wifi akasimama.

"Ni kosa langu," alisema. Hakushusha sauti. "Nilitumia njia ambayo vivinjari vya zamani haviijui. Nilijaribu kwenye mashine mpya tu. Nilipaswa kuuliza chuoni mnatumia nini, sikuuliza. Mama, naomba uniambie huyo mzee yuko wodi ipi."

Sasa atasema, Mama Vitone aliwaza. Sasa atasema kwamba wifi yake alizipitia akamwambia ziko sawa. Alingoja. Mkuu mwenyewe aligeuka, akauliza, "Na hazikupitiwa?" na wifi akajibu haraka, "Mwenye kazi ni mimi." Akaishia hapo.

Ungedhani Mama Vitone alishukuru. Wala! Katikati ya hofu ile yote, katikati ya kumfikiria yule mzee na mguu wake, kijicho kilimwinukia upya, kikali kuliko siku zote. Hata kukosea, binti huyu alijua kukosea. Alisimama wima, akabeba lake na la mwenzake, na watu wote walimtazama kwa heshima. Yeye, mkubwa, alikuwa kama kiti.

Matroni aliitazama saa ya kifuani. "Nataka kurasa zimefungwa sasa hivi. Na nataka zilizo sahihi kabla wanafunzi hawajarudi wodini kesho."

Mkuu akageuka. "Mama Vitone. Ile njia yako."

Akaketi kufanya. Mikono ilijua kazi yenyewe, hata akili ikiwa mbali. Alifuta vitone vya kivinjari, akachora vema na kosa za kwake mbele ya kila kipengele, akazisukuma mahali pake. Ilipofika saa saba mchana tableti ya Matroni ilionyesha kijani na nyekundu kama ilivyoagizwa. Kijana wa michoro akasema, "Huyo ndiye Mama Vitone bwana!" na wengine wakaitikia. Zilikuwa zile sifa alizozililia miezi mitano. Hakugeuka kuwatazama.

Wifi alikuja akasimama pembeni yake, macho mekundu. "Kuna kitu kimoja," alisema polepole. "Hata hizi alama zako, iko siku kuna mashine itazikataa. Au mtu haoni rangi vizuri. Tusizitegemee alama peke yake, tuandike neno lenyewe. *Usivute*. Kila penye kosa, maandishi yaanze na *usi*."

Ilikuwa kweli tupu. Tena ilikuwa rahisi hivi kwamba walishangaa wote jinsi ambavyo hakuna aliyeiona, Matroni mwenyewe akiwemo. Mama Vitone akaandika *usi* kumi na tisa, moja baada ya nyingine, akiwa amekaza meno. Wazo zuri, na si lake.

Siku mbili hakusema. Ijumaa mume alimuuliza kama anaumwa, akasema kichwa. Jumamosi asubuhi wifi alikuwa uani akikamua nguo, na Mama Vitone alitoka na beseni lake, akasimama upande wa pili wa kamba. Shuka lilikuwa katikati yao, wasionane nyuso.

"Wifi," akasema. "Niliviona."

Upande wa pili kukamua kukakoma.

"Vile vitone. Jumamosi iliyopita, kwenye tableti ya kaka yako. Niliviona, nikajua ni nini, na Jumatatu nikakuambia ziko sawa."

Kisha wifi akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Jumatano jioni nilichukua tableti ya kaka nihakikishe. Nilipoifungua ukurasa ulikuwapo bado, kipengele cha sita, umekuzwa mpaka vitone vimekuwa kama pilipili manga. Kaka hawezi kukuza hivyo, hajui hata kuongeza sauti. Nikajua ni wewe."

"Basi mbona siku zote hizi hukunisema?"

Wifi akalivuta shuka pembeni. Hakuwa na ule uso wa meno meupe. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka na mwenye hasira.

"Usinifanye malaika, wifi. Pale ofisini sikujua. Ningejua, pengine ningekutaja. Baada ya kujua nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, nikaona nikifungua mdomo nitasema mpaka ya sukari. Ulidhani sioni sukari inapanda kabati? Mkutano uliobadilika saa? Nilikuwa najiuliza nimemkosea nini huyu. Kama ni zile namba za rangi, ungenivuta pembeni ukaniambia nimekuaibisha, ningekuomba radhi. Kama ni vitone, ungenicheka ofisi nzima, mimi ningecheka na nyinyi. Mzee wa watu angekuwa anatembea."

"Nilikuonea wivu," Mama Vitone akasema. Neno lilikuwa dogo, na lilimtoka kama jino.

"Hilo nalo najua."

Hawakukumbatiana. Wifi aliokota pini zake za nguo, akamwambia wodi ni namba nne, kitanda cha dirishani, na mzee anapenda kusomewa magazeti. Akaingia ndani.

Mama Vitone alikwenda alasiri ile ile. Hakumweleza mzee habari za vivinjari, angeelewa nini? Alimsomea gazeti kurasa zote, hata matangazo ya vifo, na mzee akamwuliza yeye ni nani, akasema, "Ni mmoja wa walioandika yale maelekezo." Mzee akatazama mguu wake, kisha akamwambia asome tena ile ya mpira. Yule mwanafunzi aliingia kupima joto. Alikuwa hajaacha uuguzi. Alikuwa na uso wa mtoto, na alimgusa mzee kwa woga kama anayegusa yai.

Jumatatu Mama Vitone alimwambia Mkuu ukweli. Mkuu akamwambia kuanzia sasa hakuna kazi atakayoipitia peke yake, na hatamtetea kwa Matroni. Mama Vitone akaenda mwenyewe chuoni. Matroni alimsikiliza akiwa amesimama, akasema, "Umekuja umechelewa, ila umekuja," akatazama saa. Mume ndiye aliyemwumiza zaidi. Alipoambiwa aliuliza tu, "Uliona, ukanyamaza?" Akatoka uani akafungua jokofu lililokuwa zima, akalifumua lote, vipande vikajaa ua. Alikaa siku nne bila kumsemesha zaidi ya "pitisha chumvi."

Mwisho wa mwezi wifi alihama, akapanga chumba karibu na ofisi. Hakuondoka kwa kununa. Binti alilia, akabeba mto wa shangazi mpaka mtaa wa pili. Walibaki kuonana kazini, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani. Baada ya mwaka wifi akapata kazi kubwa kwenye ofisi nyingine, mkuu wa idara nzima. Mume alipoleta habari hizo mezani, Mama Vitone alisikia kile kitu chini ya mbavu kikijinyoosha, kizima kabisa. Akasema, "Anastahili," na ilikuwa kweli, na kiliuma vilevile.

Siku moja asubuhi wifi alimtumia anwani ya kurasa mpya. "Zipitie," aliandika, hakuongeza neno. Mama Vitone alizifungua kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye tableti. Saa nzima hakuona kitu. Kisha kwenye ukurasa wa mwisho, orodha ndani ya orodha, akaona namba zimepotea kabisa, zimebaki nafasi tupu.

Alitabasamu. Alikaa akitabasamu dakika nzima, mtu mzima na mvi zake, akiutazama ule upungufu kama picha ya harusi. Halafu akachukua simu, akampigia.

"Wifi," akasema, "fungua ukurasa wa mwisho, nikuonyeshe."